Wa pili kutoka kushoto ni nani?

Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja. Wanawake wanane wamesimama mbele ya mlango wa kuchonga, watano nyuma na watatu mbele, leso zao zimepigwa pasi hadi mikunjo inahesabika. Mmoja ameshika mkono wa mtoto, lakini mtoto mwenyewe amekatwa na ukingo wa picha, umebaki mkono peke yake. Nyuma kumeandikwa kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu, maneno mawili: Idi, Kuze. (Kuze ni mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa.) Hakuna mwaka wala jina.

Ilitoka kwenye kasha la bibi yangu. Nilikaa nayo miaka 11 tangu afariki, nisimjue hata mmoja wao isipokuwa yeye. Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri nikaipeleka Kibokoni, mtaa mwingine wa hapo, kwenye baraza ambako hukutana watu wachache wanaojishughulisha na historia ya mji huu. Hawana ofisi wala bango. Wamo walimu wastaafu wawili, fundi cherehani, karani wa zamani wa bandarini, msichana wa sekondari anayekuja na simu ya babake, na bibi mmoja wa miaka 86 ambaye kila mtu humwita Bi Mkubwa. Mali yao yote ni skana ya kuazima, penseli laini, bahasha za karatasi na daftari moja nene.

Bi Mkubwa aliisogeza picha karibu na macho, akaipeleka mbali, akairudisha.

"Hapa ni kwa kina nani, Bi?" nikamuuliza.

"Taratibu, mwanangu. Hawa wataka salamu kwanza, maswali baadaye."

Akawarehemu, kisha akaanza. Wa kwanza kutoka kushoto aliolewa Takaungu akarudi na mtoto mmoja. Wa pili alikuwa akishona kofia, na kofia zake zilivaliwa na mabwana harusi wa mitaa mitatu. Wa tatu alikuwa na sauti ya kuimba lakini babake hakutaka. Akaendelea hivyo hadi wa saba. Wa nane alimruka, nami siku hiyo sikuuliza. Majina siyaandiki hapa, kwa sababu wana wajukuu, na wajukuu hawajaombwa ruhusa. Katika lile daftari yameandikwa, pamoja na nani aliyeyataja, tarehe gani, na amewajuaje.

Ile saa moja ya barazani ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Picha ilikuwa salama kashani muda wote huo, na ingeweza kukaa humo miaka 50 mingine bila kuliwa na mchwa. Kilichokuwa kinapotea ni kamba nyembamba inayoifunga picha na watu wake, na kamba hiyo ilikuwa imebaki kichwani mwa mtu mmoja tu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa kazi ya kuhifadhi turathi Mombasa. Vitu tunavilinda, tena kwa bidii. Majina ya vitu hivyo, yaani nani alivitengeneza, vilikuwa vya nani na vilitumiwa vipi, tunayaacha yaende na wazee.

Sitaki kuwavunjia heshima wanaolinda vitu. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kama jela kuanzia 1895 hadi 1958, na miaka miwili tu baada ya wafungwa kuondoka ikafunguliwa kama makumbusho. (Neno lenyewe gereza tumelirithi kwa Wareno, na kwao lilikuwa jina la kanisa.) Mwaka 2011 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya turathi za dunia. Ile merikebu ya Kireno, Santo Antonio de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani walipoizingira ngome, ilichunguzwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980, na vyombo vyake unaweza kuviona leo ukikata tiketi. Mji wa Kale nao ulitangazwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hiyo ni kazi ya maana, na wengi walioifanya hatuwataji vya kutosha.

Lakini tazama jinsi sheria ilivyogawa mambo. Katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako mikononi mwa serikali kuu, na makumbusho na maktaba za mahali ni kazi ya kaunti. Kasha la barua chini ya kitanda huko Kuze halimo upande wowote. Si jengo wala maktaba. Hakuna afisa ambaye kesho atapigiwa simu kuambiwa kuwa mzee fulani ni mgonjwa na ndiye wa mwisho anayejua kusoma daftari la babake. Anayepigiwa ni yule mwalimu mstaafu wa barazani, naye hupanda tuktuk kwa nauli yake mwenyewe.

Mfano mkubwa wa kazi ya namna hii tunao hapa hapa, na ajabu ni kwamba hatuutazami hivyo. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840. Alikuwa mtunzi wa Mvita, yaani Mombasa kwa jina lake la kale, wa zama za utawala wa Wamazrui, akitunga juu ya vita, biashara, mapenzi na ugomvi wa majirani, na kwake shairi la beti za mishororo minne likawa ulimi wa sokoni na barazani. Hakutuachia kitabu. Mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu na katika vikaratasi vya hapa na pale kwa miaka 40 hivi. Tuliyonayo leo tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mtu wa Mombasa, aliyafuatilia, akayaandika, akamkabidhi mmisionari W. E. Taylor aliyefika hapa mwaka 1880.

Na Mwalimu Sikujua hakuandika beti tupu. Alieleza ubeti huu ulisemwa siku gani, uliwapiga vijembe watu gani, neno hili liliwachoma kwa nini. Shairi la vita linalotaja Lamu bila kueleza kisa cha Shela, pale mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa na Pate walipoivamia Lamu wakarudishwa kwa hasara, ni fumbo tu. Ukijua kisa, unasikia hasira ya mji mzima katika mishororo minne. Sikujua alifariki mwaka 1890. Angechelewa miaka kumi kuanza, au angeridhika na kukusanya maneno bila visa vyake, Muyaka angekuwa jina linalotajwa na wazee kwa kusikitika.

Ninapowaona watu wa Kibokoni wameinama juu ya daftari lao, namwona Sikujua. Kazi ni ile ile: kuuliza, kuandika, na kuandika pia umeuliza nani. Uchungu wangu ni mmoja. Karatasi za Taylor zilivuka bahari zikaishia chuoni London, na mashairi yalipochapwa kitabu mwaka 1940 yalichapwa Johannesburg. Kijana wa Mombasa anayetaka kuuona mwandiko wenyewe wa diwani ya mtunzi wa mji wake atafute viza. Sisemi haya kuwalaumu waliozihifadhi, maana wamezihifadhi vizuri. Nasema kwa sababu kazi aliyoifanya mtu wa Mvita kwa mikono yake ilikosa chumba kikavu cha kukaa Mvita.

Sasa njoo na mimi Jomo Kenyatta Avenue, kwenye sanamu za askari wa shaba. Kila siku maelfu ya watu hupita hapo wakielekea Mwembe Tayari, na wengi hawainui macho. Ni ukumbusho wa Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Umejengwa imara, hauna ufa. Zunguka wote utafute jina la mtu mmoja. Hakuna. Wapagazi waliobeba risasi na unga mabegani kutoka pwani hadi ndani ya Tanganyika, wakafa zaidi kwa kuhara damu na njaa kuliko kwa risasi, wameshukuriwa kwa jumla kama mtu anavyoshukuru mvua. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina katika kumbukumbu zake, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Radhi ni jambo jema, ila ilikuja zaidi ya miaka 100 baada ya vita kwisha. Wajane walishazikwa, na watoto wa wapagazi pia. Shaba ilibaki iking'aa muda wote huo, na haikuweza kumwambia mtu yeyote babu yake alianguka wapi.

Upande wa pili wa mizani upo mfano wa hapa jirani, kwa Wagiriama. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama kando ya vigango viwili, yaani nguzo za mbao za kuchonga za kukumbuka wafu, alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita, hadi vigango hivyo vikaonekana Marekani, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vilirudishwa kwa familia. Kilichovirudisha ni ile picha: kigango, mwenyewe, na kijiji, vyote katika fremu moja. Linganisha na vigango 30 vilivyoletwa mwaka 2019 kutoka makumbusho ya Denver. Hivyo vilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa hapakuwa na kumbukumbu ya kuonyesha kipi kiling'olewa kaburini kwa nani. Mbao zilirudi Kenya. Nyumbani kwao hazikufika.

Ndiyo maana huwa nasikitika nikimwona mtu anauza mlango. Simlaumu. Paa linavuja, boriti zimeliwa, watoto wana karo, na mnunuzi amekuja na pesa mkononi. Lakini mlango wa Mji wa Kale ni hati. Ukisimama mbele ya ule ulio katika picha ya bibi yangu, ambao bado upo, utaona kwenye kizingiti cha juu mwaka wa Hijria umechongwa katikati ya majani na maua, na kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofungia mabawa mawili, kuna mahali pameparara kwa kushikwa. Ni usawa wa mkono wa mtoto. Vizazi vya watoto vimejishikilia hapo vikitoka mbio. Uking'oe mlango ule uupeleke kwenye mapokezi ya hoteli, utaambiwa ni mlango wa Kiswahili, wa kale, mzuri sana. Basi hadithi imeishia hapo.

Kikundi cha Kibokoni hakina uwezo wa kuzuia mlango kuuzwa. Kinachofanya ni kuwahi: wanaupiga picha ungali mahali pake, wanaupima, wanaandika jina la nyumba na la fundi kama yupo anayelikumbuka. Mwaka jana waliwahi milango miwili. Mmoja hauko tena.

Mengi ya kazi hii ni mambo madogo ambayo mtu hufundishwa mara moja akayajua maisha yote. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino. Weka karatasi kwenye bahasha ya karatasi, maana mfuko wa plastiki katika joto na unyevu wa Mombasa hugeuka sufuria. Na tafadhali, wazazi wangu, msizipeleke hati za zamani kupigwa laminesheni. Najua nia ni njema. Moto na gundi ya ile mashine huingia ndani ya karatasi, na hakuna fundi atakayeitoa tena bila kuichana. Nimeona hati ya nikahi iliyodumu zaidi ya miaka 80 katika kitambaa, ikaharibiwa kwa dakika moja dukani.

Nami nina kidonda changu. Marehemu babangu alikuwa na faili la barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kwa ami yake aliyekuwa baharia. Tulilipeleka ofisi moja iliyoahidi kulitunza na kutupa nakala. Miaka miwili baadaye ofisi ilihama, na katika kuhama faili halikuonekana. Hatukuwa tumebaki hata na picha ya ukurasa mmoja. Tangu hapo nimekuwa na msimamo mmoja mkali ambao kikundi cha Kibokoni nacho wanaufuata: asili haitoki nyumbani. Skana ndiyo inayosafiri. Nakala moja inabaki kwa wenyewe, moja kwa kikundi, na moja mahali pengine mbali na bahari.

Wapo wanaoniambia kwamba watu hawatatoa karatasi zao hata ukiwaendea na skana ya dhahabu. Ni kweli, tena wana sababu. Tangu Waingereza walipoleta sheria ya hatimiliki za ardhi mwaka 1908, karatasi katika pwani hii imekuwa na meno. Familia zilizoshindwa kuthibitisha madai yao mbele ya afisa zilipoteza mashamba. Mtu aliyelelewa na hadithi hizo, ukimwambia unataka kunakili hati za babu yake, atakuuliza umetumwa na nani. Mimi ningeuliza vile vile. Jawabu ni subira, na kujulikana. Karani wa bandari alinywa kahawa nyumba moja Jumamosi saba kabla ya kuonyeshwa kitu.

Kisha kuna yale yasiyo ya ardhi. Nilirudi kwa Bi Mkubwa wiki ya tatu, tukiwa wawili tu, nikamwekea picha ile mbele yake nikagusa wa nane. Amesimama mwisho kulia, leso yake imefifia kuliko za wenzake, naye ndiye aliyeshika ule mkono wa mtoto.

"Huyu muwate," akasema, yaani nimwache.

"Humjui, Bi?"

"Namjua vizuri. Alinibeba mgongoni." Akanyamaza kidogo. "Alizaliwa mule nyumbani, na mamake pia. Wanawe wako mjini, na wameowa na kuolewa. Mimi siwezi kuyafungua ya watu."

Nilielewa. Utumwa ulipigwa marufuku katika pwani hii mwaka 1907, na nasaba zake bado zinasemwa kwa sauti ya chini. Kila asubuhi makanga wanaita "Kengeleni!" kule Nyali, na kengele yenyewe ingali pale, ya kijiji cha Frere Town kilichoanzishwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Neno tunalitamka mara elfu kwa siku. Kuhusu waliotumikishwa ndani ya nyumba zetu wenyewe, tunaishia wa saba.

Nimejadiliana na wenzangu kuhusu hili kwa uchungu. Msichana wa sekondari alisema tumwandike, kwa kuwa kumwacha nje ni kumfanyia dhuluma ya pili. Mwalimu alisema aibu haitakuwa ya marehemu, itawaangukia wanawe waliojijenga. Nakubaliana na msichana kuhusu haki, tena nakubaliana na mwalimu kuhusu wakati. Katika daftari pameandikwa: wa nane, jina lipo, mwenye kulijua ameombwa, wanawe waulizwe kwanza. Chama cha historia kinachotangaza kila kinachoambiwa hakitaambiwa tena. Na kinachofuta mstari mzima ili wakubwa wasifadhaike kimekuwa ofisi ya kupamba nasaba.

Hatari hiyo ya pili naiona karibu zaidi. Mazungumzo ya turathi Mombasa yakianza, huanzia Ndia Kuu na kuishia Ngomeni, na familia zinazotajwa ni zile zile. Lakini Januari 1947 mji huu ulisimamishwa na wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, reli, mahoteli na majumbani, kwa siku 12. Kutokana na mgomo ule kikatokea Chama cha Wafanyakazi Waafrika, ambacho kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa uhamishoni. Wagomaji walilala Majengo, Makande, Changamwe, katika vyumba vya kupanga ambavyo havikuwa na milango ya kuchonga. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 100. Watoto wao wako, wana miaka 70 na kitu, na ndani ya makabati yao kuna vitambulisho vya kazi, stakabadhi, picha za timu za mpira. Nani amewaendea?

Kaunti ninaiomba kitu kimoja: chumba kimoja kikavu katika maktaba, chenye kabati za chuma, feni inayofanya kazi na mtu mmoja wa kudumu anayejua kusoma herufi za Kiarabu. Kikundi cha Kibokoni kimeomba hicho hicho kwa barua, na kinangoja jibu.

Wakati wanangoja, wamekubaliana jambo. Kuanzia mwezi ujao Jumamosi moja watakaa Kibokoni na inayofuata watakwenda Majengo, nyumbani kwa mama mmoja ambaye babake alikuwa kuli wa Kilindini. Fundi cherehani atabeba skana. Bi Mkubwa, ambaye tulidhani hataweza safari, ameuliza tu kama huko kuna kivuli, na kama huyo mama ana picha.